Krimu ya Makunyanzi na Cheti cha Ubatizo

Parokia ya Uru,
Moshi.
21 Septemba, 1997

Mpendwa Shangazi Gladness,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Mwanza, na kile kikohozi cha vumbi la ofisini kimekuacha. Sisi huku hatujambo. Babu anatembea bila fimbo akidhani hatumwoni. Mwanangu Primus ana miezi saba, ana meno mawili na yote anayatumia kwangu. Akilala naandika, akiamka naacha, kwa hiyo usishangae mwandiko ukibadilika njiani.

Nina habari kubwa na nimeshindwa kutulia tangu Jumatano. Ila nianze na lile uliloniuliza, maana kosa lilianzia kwangu.

Umeandika nikutumie vichupa vitatu zaidi vya ile krimu ya kuondoa makunyanzi, na umeuliza kama kweli inafanya kazi. Shangazi, mimi ndiye niliyekusifia. Mwezi wa tano nilipotoka uzazini, watu kanisani walinishangaa. Uso umejaa, unang'aa, na ile mistari ya chini ya macho haipo. Wakauliza napaka nini. Na kweli nilikuwa napaka krimu ile kila siku, Jovin alininunulia dukani kwa Bharat pale mjini. Nikaamini, nikakuandikia siku hiyohiyo na kukutumia kichupa.

Sikufikiri kwamba miezi mitatu yote nilikuwa ndani. Si unajua uzazi wa kwetu. Mama mkwe alinilisha mtori wa ndizi na mlaso wa damu na maziwa, sikugusa jembe, jua nililiona dirishani, na mtoto akilia alimchukua yeye nikalala. Kisha Julai kahawa ikaiva. Nikarudi kuchuma na mtoto mgongoni, na krimu napaka ileile bila kuruka siku. Wiki ya nne nilijitazama kwenye kioo cha Jovin cha kunyolea, nikamwona mama yangu. Mistari imerudi na imekuja na wenzake.

Kumbe sifa nilizoipa krimu zilikuwa za mtori na usingizi.

Barua yako ilipofika sikutaka kukujibu kwa kubahatisha. Wiki sita nimepaka upande wa kushoto tu, wa kulia sikuugusa. Mama mkwe aliuliza kama kunyonyesha kumenipunguza akili, kisha akawa mkaguzi yeye mwenyewe. Kila Jumapili kabla ya misa alinisimamisha mlangoni penye mwanga, akinigeuza uso huku na huku kama anachagua parachichi. Mwisho akatoa hukumu.

"Huu wa kushoto ni laini, haukauki. Ila uchovu, mwanangu, umegawanyika sawa pande zote."

Nilifurahi kupata jibu, utadhani nimefaulu mtihani. Nikashuka mjini kumwuliza na Isha, mke wa Bharat, anayekaa kaunta. Hakunificha. Alisema inalainisha ngozi kavu, na ngozi ikilainika mistari midogo inajificha kidogo. Alisema pia kwamba jua ndilo linalotukunja, nichume kahawa na kofia pana. Nilipomkazania kuhusu makunyanzi yenyewe, akainama mpaka uso wake ukakaribia wangu.

"Tazama haya yangu, dada. Na duka ni langu."

Kwa hiyo vichupa sitatuma. Na ile ya kopo jeupe lisilo na maandishi, uliyosema umenunua huko sokoni na inakuwasha, itupe leo. Hapo sikuombi, Shangazi, nakuambia. Nakuheshimu, ulinibeba mgongoni, lakini kitu kinachochuna ngozi hakirudishi miaka. Uso ukiendelea kuwasha nenda hospitali wakuangalie.

Najua kwa nini unazitaka. Ulinieleza kwamba Mwalimu Aristides anataka kuleta posa Desemba, na kwamba ulimwambia una miaka thelathini na mitatu. Uliandika kwamba akiujua umri wako atakuacha, na huna nguvu ya kuzoea tena kula peke yako. Pale nililia. Sasa kaa chini usome.

Jumatano nilikwenda parokiani kuchukua cheti chako cha ubatizo, kile ulichoniagiza cha ndoa. Nikakiacha mezani kwa Babu, nikaenda jikoni kumpashia Primus uji. Narudi, namkuta mgeni ameketi. Mwalimu Aristides mwenyewe. Yuko likizo kwao Kirua Vunjo, akaona apite kumsalimu Babu, na sukari amebeba. Babu alikuwa na furaha ya kupita kiasi. Akachukua cheti akampa.

"Mwalimu, macho yangu yamechoka. Nisomee kwa sauti, ni cha binti yangu."

Nikasimama na bakuli. Mwalimu alisoma vizuri, kila neno, kama yuko darasani. Gladness, binti Wenseslaus. Amezaliwa tarehe tatu Mei, mwaka elfu moja mia tisa hamsini na sita. Babu akasema ndiyo, mwaka ule upepo uliangusha migomba yote. Mwalimu hakubadilika uso. Alikunja cheti, akakirudisha mezani, akapokea kata ya mbege ya ndizi akanywa, wakaendelea na habari za kahawa. Uji ukapoa mikononi mwangu.

Nilimsindikiza mpaka barabarani, natafuta maneno ya kukutetea. Nilipoanza kujiumauma, akacheka. Alisema anajua tangu mwaka jana. Eti siku moja ulimsimulia jinsi Babu alivyokubeba mabegani siku ya Uhuru, na andazi likakudondoka ukalia kuliko watoto wote. Alikuacha umalize, akapiga hesabu kimya. Mtu wa thelathini na mitatu siku ile alikuwa hajazaliwa. Yeye ana arobaini na sita, na alifurahi, alisema, kupata mtu wa kukumbuka naye. Kisha akaacha kucheka.

"Nasubiri aniambie mwenyewe. Ila uso wake umeanza kuchubuka, na akiniona anageukia pembeni. Hilo ndilo linaloniuma."

Akaniomba nisikuandikie. Nikamwambia hilo siliwezi, anisamehe.

Shangazi, posa iko palepale. Babu ameshaanza kuulizia ulezi wa mbege ya Desemba, na mimi tangu Jumatano nacheka peke yangu shambani mpaka Jovin ana wasiwasi.

Babu, Jovin na mama mkwe wanakusalimu sana. Mama mkwe anasema ukija likizo atakulaza ndani akulishe mtori kama mzazi, tuone. Mungu akulinde na aupoze uso wako.

Cheti nimekitia humu ndani ya bahasha. Mwalimu atafika Mwanza Jumamosi ya tarehe nne Oktoba. Nenda stendi ukampokee, uso umeunawa kwa maji matupu, umpe cheti mkononi kabla hujamsalimu. Atajifanya anakisoma. Mwache asome.

Ni mimi mtoto wako, nikupendaye na nisiyekuficha,
Hilaria