Kikao cha Kuchagua Darubini na Sailensa Baada ya Gaël Kupigwa Risasi

USHIRIKA WA WALINZI MWAMBAO NA MAZIWA, JOHANNESBURG
KAMATI YA SILAHA NA VIFAA

Kikao cha dharura, Jumamosi tarehe 11 Agosti 2018, uwanja wa shabaha nje kidogo ya Midrand, kuanzia saa kumi na mbili na robo asubuhi.

WALIOHUDHURIA
Bw. Burhani Mselem – Mwenyekiti
Bi. Arlène Masika – Katibu
Bi. Samira Bakiri – Mtunza ghala la silaha
Bw. Gaston Mugisho – Kiongozi wa doria
Bw. Ishaka Semboja – Mlengaji

MWALIKWA (asiye na kura)
Bw. Gaël Kambale – Mlinzi, yuko likizo ya matibabu

HAKUHUDHURIA
Bi. Marthe Kavira – yuko zamu shambani, alitoa taarifa

KUMB. NA. 1/08/2018: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa kuamka mapema kwenye baridi. Alieleza kwamba saa hiyo ilichaguliwa makusudi, ili mwanga ufanane na ule wa siku ya ajali.

Katibu aliomba iandikwe kwamba yeye ni mke wa Bw. Gaël, na kwamba yuko tayari kumwachia mwingine kalamu. Bi. Samira alisema hakuna mwingine mezani anayeandika Kiswahili kinachosomeka. Bw. Ishaka alipoulizwa alijibu kwamba hana pingamizi. Katibu aliendelea.

KUMB. NA. 2/08/2018: AJALI YA TAREHE 19 JUNI
Mwenyekiti alisoma taarifa fupi. Alfajiri ya siku hiyo, katika shamba la kufuga vifaru tunalolilinda dhidi ya majangili, Bw. Gaston na Bw. Ishaka walikuwa kilimani wakimtazama mtu akitembea kando ya uzio, umbali wa mita mia tatu hivi. Alikuwa na kitu kirefu begani. Bw. Gaston alipiga risasi ya onyo hewani. Mtu yule hakulala chini, aliinua mkono. Bw. Ishaka aliona bunduki, akafyatua. Mtu yule alikuwa Bw. Gaël, na alichobeba ni nguzo ya kukarabati uzio. Risasi ilipita kwenye bega la kulia. Uchunguzi wa polisi ulimalizika Julai bila mashtaka.

Bw. Gaël aliomba kuongeza jambo moja. Maneno yake yameandikwa kama alivyoyasema: “Nilisema mu redio mara mbili. Nikasema ni miye, ni Gaël, musipige. Mara mbili.”

Mwenyekiti aliendelea na ajenda inayofuata.

KUMB. NA. 3/08/2018: DARUBINI ZA BUNDUKI
Bi. Samira alieleza kwamba mwenye shamba amekubali kubadilisha darubini za bunduki zote nne za nusu-otomatiki, kwa sharti kwamba ziwe za aina moja. Muuzaji wa Midrand ameazima sampuli tatu. Ya kwanza inakuza kuanzia mara tano hadi mara ishirini na tano, kama ile iliyotumika siku ya ajali. Ya pili ni mara moja hadi nane. Ya tatu ni mara mbili na nusu hadi kumi, na kioo chake cha mbele ni kipana.

Darubini zilifungwa juu ya kigingi cha mbao. Bunduki zote zilibaki kwenye kasha la gari, na funguo alikuwa nazo Katibu.

Mwenyekiti alipendekeza kwamba anayetazama awe Bw. Ishaka. Bw. Gaston alipinga, akasema macho ya Bw. Ishaka yameshajulikana yanaona nini. Mwenyekiti alimwomba afute kauli hiyo. Bw. Gaston alisema ameifuta. Bi. Samira alisema wao wawili wa Tanga, Mwenyekiti na Bw. Ishaka, wasionekane wanalindana, na Mwenyekiti alijibu kwamba kama angetaka kumlinda Bw. Ishaka asingemweka mbele ya kioo kile.

Bw. Gaël alijitolea kuwa mtu wa kutazamwa. Katibu alipinga. Bw. Gaël alimwambia, “Mama Elisée, acha niende.” Alichukua nguzo ya mti iliyokuwa nyuma ya banda, akaiweka bega la kushoto, akatembea hadi alama ya mita mia tatu.

Kwa darubini ya kwanza Bw. Ishaka alisema: “Naona kipande cha mtu. Kinatetemeka. Uso sioni, kumekuwa kama maji ya chai.” Kwa ya pili alisema anaona mtu mzima na njia anayopita, ila alichobeba hakijui. Kwa ya tatu alirekebisha kioo mpaka picha ikatulia. Alisema: “Ni Gaël. Kabeba mti. Mkono wa kulia hausogei.”

Bw. Ishaka aliondoka kwenye darubini na kusimama nyuma ya gari. Kikao kilisimama kwa dakika kumi.

Kiliporejea, Bi. Samira alieleza kwamba siri haiko kwenye ukuzaji. Ukikuza sana wakati mwanga ni hafifu, picha inakuwa na giza na unapoteza mazingira ya mtu. Kioo kipana na safi kinakusanya mwanga zaidi. Aliongeza: “Lakini darubini ya bunduki si ya kumtafutia mtu. Ukishamtazama kwa hiyo, umeshamwelekezea mtutu.”

Iliazimiwa: (a) darubini ya tatu ichaguliwe, (b) kila doria ibebe darubini ya mkononi, na mtu atambuliwe kwa hiyo kabla bunduki haijainuliwa.

KUMB. NA. 4/08/2018: SAILENSA
Bw. Gaston alisema sailensa, yaani kipunguza mlio kinachofungwa mtutuni, ni kwa ajili ya kujificha, na walinzi hawana cha kujificha.

Bw. Ishaka, aliyekuwa amerejea mezani, alisema kwamba risasi ya onyo ya Bw. Gaston ilipigwa chini ya hatua moja kutoka sikio lake. Baada yake hakusikia redio. Alisikia mlio mmoja tu, kama wa king’ora, hadi mchana. Hakulisema hili polisi kwa sababu hakutaka ionekane anamsukumia mkubwa wake kosa.

Bw. Gaston alijibu kwamba redio hata yeye hakuisikia. Mwenyekiti aliuliza kwa nini, kwa kuwa yeye, tofauti na Bw. Ishaka, alivaa vizuia masikio, ambavyo hukata mlio wa risasi na kupitisha sauti ya redio. Bw. Gaston alisema sikio lake la kushoto halisikii tangu mwaka 2016. Alificha kwa sababu kiongozi wa doria asiyesikia hana kazi, na nyumbani Yeoville wanaomtegemea ni saba. Aligeuka kwa Bw. Gaël akasema: “Ndugu yangu, redio ilikuwa upande ule.”

Bw. Gaël alitikisa kichwa kuonyesha amesikia.

Saa mbili uwanja ulipofunguliwa kwa kufyatua risasi, sailensa mbili zilijaribiwa kwa risasi kumi kila moja. Ile fupi ya chuma ilirudisha moshi usoni, na Bi. Samira alitokwa na machozi kwa risasi ya tatu. Ndiyo kawaida ya bunduki inayojipakia kwa nguvu ya gesi. Ile ndefu nyepesi ilihamisha shabaha upana wa vidole vinne, lakini kila mara upande uleule, hivyo inarekebishika. Mlio haukwisha. Ulishuka kiasi kwamba waliosimama karibu walisikia redio ikiita.

Iliazimiwa: (a) sailensa ndefu ichaguliwe, na vizuia masikio viendelee kuvaliwa, (b) risasi za onyo zisitishwe, (c) wajumbe wote wapimwe masikio, kuanzia Bw. Gaston, na asiondolewe kazini kabla ya majibu.

KUMB. NA. 5/08/2018: OMBI LA BW. ISHAKA
Bw. Ishaka aliomba kuacha kazi. Mwenyekiti alipomtaka Bw. Gaël atoe maoni, alisema: “Sitaki afukuzwe. Siku ile alikuja mbio, akafunga kidonda na shati yake, akanibeba mpaka ku gari, analia. Lakini sitaki ashike bunduki tena miye nikiwa mbele. Yote mbili ni kweli, mutafute namna.”

Bi. Samira alipendekeza Bw. Ishaka awe mtazamaji wa doria, mwenye darubini ya mkononi, na mlengaji yeyote asifyatue mpaka yeye ataje kwa sauti anachokiona. Walioafiki: watatu. Bw. Ishaka hakupiga kura. Aliyepinga: mmoja, Katibu.

Katibu alitoa sababu yake: mume wake alikuwa fundi cherehani kabla ya kuwa mlinzi, na sasa anafungiwa vifungo vya shati na mtoto wa miaka sita. Mwenye kosa atarudi kazini Jumatatu. Yeye hawezi kuliafiki hilo, ingawa haoni uamuzi ulio bora zaidi.

Mwenyekiti aliuliza kama angependa sababu hiyo ifupishwe katika kumbukumbu. Kabla Katibu hajajibu, Bw. Ishaka alisema: “Shemeji, andika kama ulivyosema. Usipunguze.”

Imeandikwa.

Wajumbe waliachana saa nne na dakika ishirini asubuhi.

B. Mselem
Mwenyekiti

A. Masika
Katibu