Ndege wa Kona Isiyofagiliwa

Mama, jambo huko Bukavu. Mkoba wangu umefungwa tangu juzi, barabara ya kwenda mpakani Bunagana haijafunguka, nami nazunguka ua wa nyumba ya wageni hapa mtaa wa Himbi kama kuku anayetafuta pa kutagia. Chini ya mti wa avoka kuna ndege wa misitu ya milimani, kifua rangi ya chungwa. Hatembei ila hatua mbili, anasimama, anapindua jani, anavuta nyungunyungu. Papa Kasole, mfagiaji, aliongoza watalii msituni kabla ya vita. Anamjua kuwa hula majanini, kwa hiyo kona ile haifagii.

Leo mama mwenye nyumba alikuja juu, akitishia kumfukuza kazi. "Papa, umezeeka nusu? Mbona unafagia nusu? Wageni watasema nini?"

"Mama, iko mugeni mumoja anakulaka pale."

Akanyakua ufagio mwenyewe. Ndege hakuruka, alipindua jani mbele ya viatu vyake. Akaushusha ufagio. "Mpaka dimanshi," akasema. "Dimanshi nafagia miye."

Sasa nataka barabara ifunguke, tena nataka dimanshi hiyo, Jumapili, inikute hapa. Ulale vizuri kunishinda. Na nyuma ya jiko lako, mama, bakiza majani kidogo.

Mwanao,
Zawadi