Ukuta Alioushika Kioko

Ujerumani, Jumapili alasiri

Mama yangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Nakubusu mkono kwa mbali. Vipi magoti yako na zile ngazi za nyumba yetu? Bado wazipanda huku ukizilaumu? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila baridi ya huku haina adabu. Nikitoka bwawani na nywele mbichi, zaganda kabla sijafika kituo cha basi.

Habari njema kwanza, usije ukaruka mistari kuitafuta: tumefuzu! Sisi wanne tutaogelea mbio za kupokezana kwenye Olimpiki. Piga vigelegele, Mama, kisha keti, kwani kuna jingine, na ndilo lililonifanya niandike badala ya kupiga simu. Kwa simu ningeisikia sauti yako tu, ningeufyata ulimi.

Wakumbuka mwaka jana tulipoondolewa mashindanoni? Nilikwambia mwenzangu Kioko hakugusa ukuta. Mama, nilisema urongo. Katika mbio zetu, anayengoja juu ya kijukwaa haruhusiwi kuondoa miguu mpaka mwenzake aliye majini aguse ukuta. Kioko aligusa. Ni mimi niliyeruka mapema, kwa pupa yangu. Kocha aliona, wenzangu waliona. Huko nyumbani kwetu tu ndiko hakukujulikana, na kwa aibu nikamtwika yeye kosa.

Nilidhani yataishia hapo. Kumbe ukaacha kununua pojo kwa mamake Kioko pale sokoni Makupa! Miaka yote hiyo mwajuana, mwaulizana hali za watoto, nawe ukaniambia, "Simpitii tena yule. Mwanawe amekuharibia." Nami nikakuuliza mambo ya hewa. Wallahi najionea haya hata kuandika.

Juzi basi, nikapangwa tena wa mwisho, nimpokee Kioko. Niko juu ya kile kijukwaa. Namwona aja, povu tupu, na moyo waniambia ruka, ruka! Nikajizuia mpaka nikaviona vidole vyake vimeshika ukuta, ndipo nikaenda. Nilichelewa, nakiri; nilipoingia majini, watatu walikuwa mbele yangu. Nilivyoogelea sijui. Nilipotoka, nchi nyingine zote zilikuwa zimeandikwa kwenye ubao wa matokeo, yetu haipo. Waamuzi wameinamiana wanashauriana. Tulisimama tumeshikana mabega, nami nasema moyoni, ya Rabbi, isiwe mimi tena. Kisha jina letu likatokea, nafasi ya pili! Nililia mbele ya watu wote, sikujali.

Palepale, maji bado yatutiririka, nikamwambia Kioko yote niliyoyasema nyumbani. Akajifuta uso kwa taulo, akasema, "Najua. Mama aliniambia mamako hapiti tena. Alitaka kwenda kwenu Kuze amweleze, nikamkataza."

"Kwa nini?"

"Nilimwambia angoje. Utasema mwenyewe."

Mwaka mzima, Mama! Tunalala chumba kimoja, tunakula meza moja, wala siku moja hakunitupia neno. Nimetua mzigo sasa, nahisi mwepesi, ila ule mwaka wake siwezi kumrudishia.

Kasirika unavyotaka, ni haki yako. Nisalimie dada yangu mkubwa na mumewe, na ami yangu anayeadhini msikitini. Wape habari ya kufuzu, na hii nyingine pia, usinisitiri. Kisha nakuomba uvae buibui lako uende Makupa. Usiende na maneno mengi. Mamake Kioko ajua ukweli tangu zamani. Alilokosa ni kuusikia kwako. Mwambie mwanawe aligusa ukuta.

Wasalaam,
Mwanao, mimi niliyeruka mapema,
Swaleh