Fidla Juu ya Kabati

Jumamosi, 31 Januari

Mazoezi ya bendi saa tisa. Nimechelewa dakika kumi, zipu ya mteja ilinigomea. Nilipofika ukumbini Brigid alishavaa akodiani yake. Miaka sabini na nne na bado anakanyaga sakafu hadi viti vinatikisika.

Rili tatu, jigi mbili, miziki ya dansi ya Kiayalandi. Vidole vizuri leo. Shingo mbaya.

Kevin kaanza tena. Yeye ndiye mpiga filimbi, na ndiye anayejiona meneja. Anasema fidla yangu ina Uswahili ndani. Sasa alitaka iwe na nini? Kwenye ile rili ya Brigid, aliyorithi kwa bibi yake, kuna mahali wimbo unavuta pumzi. Mimi nimelelewa na taarab ya Tanga. Mwimbaji akinyamaza, fidla inajibu. Siku yangu ya kwanza nao nilijibu pale pale, wachezaji wakapotea hesabu, wakagongana kama mbuzi mlangoni. Aibu niliyoipata naijua mwenyewe. Lakini Brigid alicheka, akasema niache vivyo hivyo. Toka siku hiyo ananiachia nafasi, nami najibu.

Miaka mitatu sasa. Kevin bado hajazoea. Shauri yake.

Jumanne, 3 Februari

Kibandani kwangu Marshalltown, mjini kati, kutwa nzima. Suruali sita, gauni la harusi moja. Fidla ukutani juu ya cherehani, kama kawaida. Hivyo ndivyo Brigid alivyonipata: alileta sketi ya kupunguza, akaiona, akaniambia nipige. Nikapiga. Sketi akaisahau.

Da Zuhura kaniuliza tena hiyo keili ni kitu gani. Nimemjibu: watu wanajipanga mistari miwili, mmoja anaita hatua, sisi tunapiga, wao wanazunguka hadi jasho. Ngoma tu, da Zuhura. Ngoma ya Ayalandi. Kasema ngoma yenye bia si ngoma. Nikamwambia bia siinywi, naipita tu mezani. Kasonya. Tunakaa chumba kimoja Hillbrow mwaka wa tano, misonyo yake naijua yote. Huu ulikuwa mrefu.

Jumamosi, 7 Februari

Kevin katangaza dansi kubwa: tarehe 14 Machi, Jumamosi ya kabla ya sikukuu ya mtakatifu wao. Ukumbi utajaa. Tiketi zimeanza kugombewa.

Nimeangalia kalenda ya simu. Ramadhani.

Nikasema mimi Ramadhani sipigi. Kevin akasema ni mchana, si usiku, na hakuna ndugu yangu atakayeniona. Nani kamwambia naogopa kuonekana? Baba yangu alipiga fidla miaka arobaini, na mwezi ukiandama aliiweka chini hadi Idi. Hakulazimishwa na mtu. Mimi ni bintiye.

Nimewaeleza hivyo. Thandeka, anayepiga ile ngoma yao bapa, ndugu wa tari, kaitikia kwa kichwa. Kevin kaandika kitu kwenye daftari lake. Sikukipenda.

Jumapili, 8 Februari

Nilidhani da Zuhura atanisifu. Wapi. Kasema vizuri, sasa maliza kazi, iache moja kwa moja. Kanirushia methali: "Mshika mbili, moja humponyoka."

Nikamwambia: "Fidla hushikwa kwa mikono miwili, da Zuhura. Mmoja nyuzi, mmoja upinde. Haijawahi kuniponyoka."

Wali tumekula kila mtu na upande wake wa sinia.

Nimechoka kuchaguliwa maisha. Kule wanataka niache Ramadhani yangu siku moja. Huku wanataka niache fidla yangu siku zote. Sichagui.

Jumamosi, 14 Februari

Leo kuna mtu kwenye kiti cha pembeni. Rory. Mfanyakazi wa benki Sandton, shati limenyooka, fidla inang'aa. Anapiga kwa kusoma kwenye tableti. Anapiga safi. Lazima niseme ukweli hapa, maana hakuna mwingine atakayesoma: anapiga safi sana. Noti zote zipo. Ila hakuna msikilizaji aliyealikwa ndani.

Kevin kanivuta kando. Bendi haiwezi kuwa na fidla mbili, kasema. Atakayepiga tarehe 14 ndiye atakayebaki na kiti. Nifikirie.

Nimemtazama Brigid. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Hicho ndicho kilichoniuma. Kevin ni Kevin. Lakini Brigid!

Jumatano, 18 Februari

Mwezi umeandama. Kelele za furaha ngazi nzima, hadi Wakongo wa ghorofa ya sita.

Nimelegeza nyuzi, nusu mzunguko kila mmoja, kama baba. Nikaivika kanga ya mama. Juu ya kabati, nyuma ya sanduku. Nimelia kidogo. Basi.

Jumamosi, 28 Februari

Saa tisa vidole vikaanza kupiga vyenyewe kwenye ukingo wa cherehani. Mteja kaniuliza kama nina baridi.

Ujumbe wa Kevin: jibu la mwisho, anataka kuchapisha karatasi za ukumbini zenye majina ya wapigaji. Nimeswali Alasiri kwanza. Kisha nikamwandikia neno moja. Hapana.

Hajaandika tena. Nina hasira na nina njaa. Sijui ipi inatangulia.

Jumamosi, 14 Machi

Siku yenyewe.

Nimeshona tangu asubuhi. Saa tisa wameanza. Saa tisa na robo watakuwa kwenye jigi. Tisa na nusu, rili ya Brigid. Nilisimamisha cherehani. Nikasubiri pale pumzi inapovutwa, mimi peke yangu, katikati ya watu wanaopita na mifuko.

Nimemtukana Rory moyoni. Kisha nikaomba msamaha, maana nimefunga. Kisha nikamtukana tena.

Futari: maharage ya nazi, chapati za da Zuhura. Chapati yangu kaitia samli zaidi.

Jumapili, 15 Machi

Thandeka kaja hadi Hillbrow, ghorofa zote tisa kwa ngazi, lifti imekufa. Kakaa kitandani kwangu anahema, akaeleza.

Jigi zilikwenda vizuri. Rory hakukosea. Ikaja rili ya Brigid. Walipofika pale, Brigid akaacha nafasi kama alivyozoea. Rory naye akaiacha vilevile, tableti yake haina kitu pale. Na ukumbi mzima ukasimama. Watu mia na zaidi, mguu mmoja juu, wanangoja. Maana miaka mitatu hii wamejifunza kukanyaga kwenye jibu langu. Hakuna aliyewafundisha. Wamezoea tu. Mwita hatua akapiga kelele, hakuna aliyeshuka. Wakagongana.

"Eish," kasema Thandeka, "walikuwa wanakungoja wewe."

Wakarudia. Pale pale, miguu juu. Mara ya tatu Brigid akafungua mikanda ya akodiani, akakataa kuipiga tena. Kasema rili ile haijakamilika.

Nimecheka hadi da Zuhura katoka jikoni na mwiko. Tukamweleza. Kauliza kwa Kiingereza chake cha kuvunja mawe: wazungu mia, mguu juu, kwa ajili ya Mwanaidi huyu? Kisha karudi jikoni. Nimemsikia anacheka peke yake.

Kosa langu la siku ya kwanza. Sasa ni lao.

Jumamosi, 21 Machi

Idi. Tumeswali, tumekula, nguo mpya. Niliporudi kutoka kwa majirani nimemkuta da Zuhura juu ya kiti, mkono nyuma ya sanduku.

"Shika," kasema. "Imejaa vumbi."

Nikaipokea kwa mikono miwili.

Jumamosi, 28 Machi

Nimekwenda bila kuitwa. Saa tisa kamili, leo sikuchelewa.

Rory kwenye kiti changu. Nimesimama mbele yake, fidla mkononi. Kahamia cha pembeni. Si mtu mbaya. Kevin akafungua mdomo, Brigid akamfunika kwa rili yake.

Mara ya kwanza tulipofika pale sikujibu. Upinde hewani. Niliiacha nafasi tupu, waisikie vizuri, Kevin aisikie. Thandeka alinikazia macho. Brigid hakuangalia viatu.

Mara ya pili nikajibu.

Baadaye Rory kaniomba nimwandikie hicho kipande. Nimemwambia hakiandikwi. Aje Marshalltown Jumatano, aache tableti nyumbani.

Nimerudi kabla ya giza. Fidla iko mezani, nyuzi zimekazwa. Kesho suruali nne.