Mikia Arobaini ya Hudihudi

Bawshar, Maskati
Jumapili, mwezi wa Machi

Kwa dada yangu mpenzi Aliya,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakaatuh. Nnataraji barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto, na kifua kimeacha kukusumbua. Sisi hatujambo, alhamdulillah. Mama analalamika magoti, lakini ulimi wake mzima kabisa. Barua anakuletea Talal, mtoto wa Bi Wadha, pamoja na halua. Simu nimeiogopa, maana mama husikiliza kila neno, na nna jambo linanikaba roho.

Huku sasa ni rabii, jua bado halijawa kali na mabonde yamechanua. Kila Jumamosi asubuhi natoka na kamera yangu, na mama nakwenda naye, kwani tangu baba atutoke sipendi kumwacha peke yake. Anachukua mkeka wake, chupa yake ya kahawa na manung'uniko yake. Huniuliza mtu mzima na akili zake anatambaa juu ya mawe, kapoteza nini.

Lakini wallahi, dada, ukianza kutazama huachi! Kerengende akiruka hurudi kwenye kijiti kile kile; kwa nini kile, na vijiti vimejaa? Ndani ya ua moja la njano, dogo kama kifungo cha shati, nimehesabu wadudu wanane. Wanakula nini humo? Wanalala wapi? Nikimuuliza mama, ananiambia nikamuulize aliyewaumba.

Aliyenishinda ni hudihudi, yule ndege mwenye kishungi. Nikimnyemelea tu, ananigeuzia mgongo. Nna picha arobaini za mkia! Khalil, anayetufundisha kupiga picha, alicheka akasema nakwenda kama ninayemkimbiza kuku wa sikukuu.

Basi ile picha uliyowaonyesha mtaa mzima, hudihudi kaelekea mbele, kishungi kakifungua, tope mdomoni, ile itakayotundikwa Alkhamisi kwenye maonyesho ya darasa la Khalil na jina langu chini yake... Dada, sikuipiga mimi. Kaipiga mama.

Siku ile niliiacha kamera kwenye stendi mbele ya mkeka, nikaenda garini kuchukua betri. Kitufe nilishamwonyesha, kwa utani tu. Mama alikuwa ametoka kutawadha kwa sala ya dhuha, na maji yakailainisha ardhi. Hudihudi akaja kuchimbua vijidudu pale penye unyevu, karibu na miguu yake. Yeye hakutikisika, kwa yale magoti yake, akabonyeza. Niliporudi aliniambia kuna ndege alikuja, na kwamba labda ameniharibia kitu changu.

Nilipoiona picha nyumbani nilipiga kelele. Kisha nikaipeleka kwa jina langu. Nilijiambia kamera yangu, gari yangu, safari yangu. Tamaa hiyo, dada, wala simsingizii shetani.

Jana nimemwonyesha mama kadi ya mwaliko, yenye picha ile na jina langu. Nilidhani hatakumbuka. Akavaa miwani, akaitazama muda mrefu, akanipa hongera, akasema ni nzuri, mashaallah. Akaomba kahawa. Nilipofika mlangoni mwa jiko akasema, polepole, kwamba yule ndege alikuwa akimtazama yeye.

Ingekuwa kheri anigombeze! Nilisimama jikoni nikalia mpaka kahawa ikafurika.

Leo asubuhi nimempigia Khalil nikamweleza yote. Kasema karatasi ya jina itabadilishwa. Itaandikwa jina la mama, Mahbuba binti Humam. Mama bado hajui. Alkhamisi nitamshika mkono nimpeleke akasome mwenyewe, na hapo hapo nitamwomba radhi. Niombee anisamehe. Na majirani waeleze ukweli, aibu niachie mimi.

Nisalimie wote, wakubwa kwa wadogo. Mama anakuombea dua, na ameshauliza Jumamosi tunakwenda wapi.

Mdogo wako akupendaye,
Taghreed, mwenye mikia arobaini