Kamera Dukani na Jina Nisilolitamka

Jumatatu, 19 Agosti

Nimefungua duka baada ya sala ya Alfajiri, kama kawaida. Milango ya chuma imepandishwa, ubani umefukizwa, kanga za mbele zimetundikwa. Mtaa ulikuwa bado haujachangamka.

Kisha lori likarudisha mzigo wa Tabora. Mara ya pili. Mama mwenye duka kule aliagiza kanga hii, akapelekewa ile. Amenipigia simu na kusema maneno ambayo kalamu yangu haitayaandika.

Nimechoshwa. Kazi yenyewe ni nyepesi. Mimi hupokea maagizo ya wateja hapa Kariakoo, kisha humpigia simu Mwanahawa, msimamizi wa stoo yetu ya Buguruni. Yeye hufunga robota na kupakia. Haihitaji elimu kubwa. Inahitaji masikio.

Bwana Jayesh, mwenye duka, alinijia mchana. Nilimtumikia marehemu baba yake, na huyu kijana nimemwona akitambaa juu ya meza hizihizi. Amesema mzigo ukikosewa tena, Mwanahawa ataondoka. Akaniomba rai yangu. Nikamjibu kwamba uamuzi ni wa mwenye mali.

Sikumtetea. Sikuona cha kumtetea.

Jumanne, 20 Agosti

Balaa jipya. Bwana Jayesh ameleta mpiga video.

Jina lake Neema. Ametoa shikamoo kwa kila mtu mzima, hilo nimelishukuru. Atamhoji kila mfanyakazi, wa duka na wa stoo, kuhusu kazi yake ilivyo kwa kweli. Jumapili, duka likiwa limefungwa, tutakusanyika tutazamane. Ati hapo ndipo tutakapoelewana.

Nikauliza kwa nini watu wasizungumze tu, kama walivyozungumza mababa zao.

"Maalim," akasema Bwana Jayesh, "wanazungumza kila siku. Umeona matunda?"

Jioni wafanyakazi wa duka wakanizunguka kwa hofu. Mtu aseme nini mbele ya kamera? Nikawatungia utangulizi. Kwanza kumhimidi Mwenyezi Mungu, aliyetujaalia uzima. Kisha shukrani kwa mwajiri, kisha kwa wakubwa wa kazi, kisha kwa wenzao. Maneno yamesimama vizuri. Wamekariri wote. Wakaomba nakala ziende stoo pia, nikakataa. Mwanahawa ajitegemee, nilisema.

Alhamisi, 22 Agosti

Siku ya kukirihisha.

Sudi, muuzaji wetu mwenye maneno mengi, amekuja na suti ya harusi yake. Wapagazi wa nje wakampokea kwa vigelegele. "Sudi, leo unaongeza wa pili?" Akawajibu kwamba wa kwanza bado hajammaliza.

Mbele ya kamera akasoma utangulizi wangu wote. Neema akamuuliza, "Ukikosea kazini, nani anakuambia?" Sudi akajibu kwamba anamshukuru mwajiri. Akaulizwa kinachomsumbua. Akajibu kwamba anawashukuru wakubwa wa kazi. Aliyemfuata akasema yaleyale. Na wa tatu. Neema akaweka kamera chini, akaketi juu ya robota, akacheka mpaka akafuta machozi.

Bwana Jayesh hakucheka. "Maalim, hii ni video ya kazi au risala kwa mgeni rasmi?"

Nimeumia. Tangu lini shukrani ikawa kosa?

Ijumaa, 23 Agosti

Khutba ilihusu amana. Nilisikiliza nusu tu, Mungu anisamehe. Mawazo yalikuwa dukani.

Mama wa Tabora amekubali kutujaribu mara ya mwisho. Mzigo utaondoka Jumatatu. Nimempigia Mwanahawa mwenyewe na kumpa agizo polepole, kwa lugha safi kabisa: robota tatu za ile ya zambarau, yenye onyo kwa mwanamke asiye na haya.

"Sawa, baba," akasema.

Sijui mtu anahitaji uwazi gani zaidi ya huo.

Jumamosi, 24 Agosti

Neema amenihoji. Nilikataa mara mbili, akaomba mara ya tatu kwa upole, nikaketi.

Hakutaka shukrani. Alitaka nimwonyeshe ninavyotoa agizo kwa simu. Nikamweleza. Kila kanga ina jina lake, yaani maneno yaliyochapwa chini ya mji, ule uwanja wake wa katikati. Mji mmoja na rangi moja huweza kubeba majina mengi, na mteja hununua jina. Mengine ni mawaidha mema. Mengine ni matusi ya wake wenza yaliyovishwa mafumbo. Hayo sijayatamka tangu nianze kazi hii. Siyaandiki pia. Simu yangu ni ya vitufe, haitumi picha, nami nimeridhika nayo. Huyaeleza kwa staha, mtu akayatambua. Ulimi ni amana.

Neema akauliza, "Mwanahawa anayatambuaje?"

Nikasema anayatambua.

"Umewahi kumuuliza, babu?"

Adhuhuri ikaadhiniwa. Nikainuka, nikaenda kuswali. Nimekereka na swali lile hadi sasa ninapoandika.

Jumapili, 25 Agosti

Tumekusanyika ghorofani, wa duka upande huu, wa stoo upande ule, runinga katikati. Sudi na shukrani zake amechekwa na kila mtu, naye mwenyewe akiongoza.

Kisha akatokea Mwanahawa, ameketi kati ya marobota, jasho likimtiririka. Alisema kwa utulivu. Nimeyashika maneno yake.

"Maalim akipiga simu tunamsikia vizuri sana. Ila hataji jina la kanga. Sasa mtu mzima kama yule, nitamwambiaje, baba hebu litamke? Haiwezekani. Tunasema sawa, baba. Akikata simu tunakaa kitako tunakisia. Jana katuambia ya zambarau, onyo kwa mwanamke asiye na haya. Jamani! Za zambarau zenye maonyo tunazo saba. Na wanawake wasio na haya, humu stoo ndiko kwao."

Ghorofa nzima ikaangua kicheko. Mimi nilikuwa bado naelekea kutabasamu, alipoendelea.

"Nimechagua moja, nimeifunga. Nikikosea, najua naondoka. Nina watoto wanaosoma, sisemi sijali. Lakini Maalim ndiye aliyemfundisha mwanangu Kurani. Bora niondoke mimi kuliko nimlazimishe kutia uchafu kinywani."

Kicheko kilikatika. Hakuna aliyenitazama, na hilo lilikuwa zito kuliko kama wangenitazama. Mwanahawa aliinamisha kichwa, akachezea ncha ya mtandio wake.

Niliondoka bila kuaga. Niliikasirikia kamera hadi Mnazi Mmoja. Kutoka hapo nikamkasirikia Mwanahawa. Kwa nini asiulize? Mtu ana kinywa! Nilipofika nyumbani hakubaki wa kukasirikiwa ila mmoja.

Nimeulinda ulimi wangu, na gharama nimempa mwingine ailipe. Huo si uchamungu. Sijui niuite nini.

Jumatatu, 26 Agosti

Lori la Tabora lilikuwa lipakie asubuhi. Nilimpigia Mwanahawa kabla sijafukiza ubani. Sudi alikuwa juu ya ngazi akipanga vitenge, wengine wakifagia. Sikuwatoa nje. Kama ni kusema, waliosikia jana wasikie na leo.

"Mwanahawa."

"Abee, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Mzigo wa Tabora. Kanga inaitwa *Kitanda changu si njia, usipite*."

Sudi alishika rafu kwa mikono miwili. Ufagio ukasimama. Masikio yangu yalikuwa ya moto kama ya mtoto aliyepigwa kofi.

"Baba," akasema Mwanahawa kwa sauti ndogo, "nilifunga nyingine. Tunafungua sasa hivi."

Nikamwomba anirudie jina. Akalirudia. Nikasema ndilo.

Hakuna aliyecheka. Nilitamani angalau Sudi acheke.

Nikapanda kwa Bwana Jayesh. Nikamwambia kwamba ile mizigo ilipotelea kinywani mwangu, si mikononi mwa Mwanahawa, na kwamba akitaka kumwondoa mtu, aliye mbele yake ndiye. Akasema hataki kumwondoa mtu. Anataka watu waulizane. Mwanahawa abaki.

Alhamisi, 29 Agosti

Mzigo umefika Tabora. Mama amepiga simu, safari hii kwa maneno yanayoandikika. Anataka nyingine.

Neema amepita kuchukua vyombo vyake. Akanong'ona kwamba anaweza kuikata sehemu yangu, mahali niliposema ulimi ni amana. Nikamwambia aiache. Ni kweli ulimi ni amana. Ila sikuwa nimeisoma khabari yake yote.

Alasiri ilipokaribia nikapata agizo la Singida. Nikalisoma jina aliloliandika mteja, nikafumba macho. Hili ni baya kuliko lile. Nikapiga simu hivyo hivyo. Nilipotaja rangi nikasita kwenye jina, Mwanahawa akanikatiza, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Baba, samahani. Hizi mbaya nitasoma mimi. Wewe useme siyo, au ndiyo."

Nikamwambia haifai abebe yeye.

"Mimi nazifunga kila siku, baba. Hazinidhuru. Haya, sikiliza."

Akasoma ya kwanza. Nikasema siyo. Akasoma ya pili, nyuma yake wenzake wakicheka chinichini. Siyo. Akasoma ya tatu, polepole, kama mtu anayesoma ubao wa msikitini.

Nikasema ndiyo, hiyo.

"Ngapi, baba?"

Mbili.

Nikaweka simu mezani, nikaenda kutawadha.