Majivu yenye Ilikuwa Bado Moto

Mujukuu wangu Furaha,

Siye hapa Ngezi tuko. Mama yako iko muzima, mimi magoti tu ndiyo inanichokesha.

Uliniuliza juu ya nini ninamwangia majivu ya mbabula, ile jiko ya makala, maji mpaka ipoe, kisha ninaizika.

Wakati tulikimbia Djugu, tulijificha mu pori. Tulipikia makala kwa sababu haina moshi. Asubuhi moja nilimwanga majivu kando ya njia, ingali moto. Watu wa mapanga wenye walikuwa wanatufukuza wakapita; mu majani pale nilijificha nikaona mumoja anatia mukono ndani, anasema: «Hawako mbali.» Wakamukuta dada yangu Anyesi anatoka mutoni. Hatukumuona tena.

Mama yangu aliishi mpaka kufa anasema ni Anyesi mwenyewe alimwanga ile majivu. Nilimuacha aamini vile.

Hapana, Furaha. Ni mimi,

koko wako.